Programu inayotatua kemia kwa picha: moli inaziweza, msimamo haina

Siku hizi kuna programu za simu ambazo unapiga picha swali la kemia, unasubiri kidogo, jibu linashuka na hatua zake zote. Zinaendeshwa na akili mnemba, na wanafunzi wangu wana moja wanayoiamini kuliko daftari zao. Jina lake sitalitaja, maana programu hizi hubadilishwa kila mara na ninayoyasema leo huenda mwezi ujao yasiihusu tena. Isitoshe, nyingine nilizozijaribu pembeni zina tabia zilezile, zinapishana rangi tu.

Mimi ni mwalimu wa kemia na kalamu nyekundu nimeishika sana. Kwa hiyo sikuipima kwa kuangalia kama jibu limetoka. Nimeipima kama ninavyoipima karatasi ya mtahiniwa. Mlinganyo umesawazishwa? Moli, yaani kipimo cha kuhesabia chembe za kitu, zimeonyeshwa? Vipimo vimeandikwa? Na pale swali lilipotegwa, mtego umeonekana, au umerukwa kwa bahati? Mara nyingi jibu la mwisho huwa na alama moja tu, nyingine zote zimetawanywa njiani, na mtu anayenakili jibu bila njia anajinyima mwenyewe.

Nilianza na mahesabu ya moli. Swali langu la kwanza ni la kawaida kabisa: gramu 5.0 za kalsiamu kaboneti zimetiwa kwenye sentimita za ujazo 50 za asidi ya hidrokloriki yenye moli 1.5 kwa kila dm³, yaani kila lita. Tafuta ujazo wa hewa ukaa itakayotoka, na gramu za kaboneti zitakazobaki. Mlinganyo wake ni CaCO₃ + 2HCl → CaCl₂ + H₂O + CO₂.

Mtego uko kwenye ile 2. Kaboneti ni moli 0.050, asidi ni moli 0.075. Mwanafunzi mwenye haraka anatazama namba hizo mbili, anaona 0.050 ndiyo ndogo, anatangaza kwamba kaboneti ndiyo inayoisha kwanza, kisha anatiririka kwa raha zake mpaka kwenye dm³ 1.2 za hewa ukaa. Lakini moli 0.050 za kaboneti zinadai moli 0.100 za asidi, na asidi ya kiasi hicho haipo. Inayoisha ni asidi. Hewa ukaa inakuwa nusu ya moli za asidi, yaani 0.0375, na kaboneti inabaki moli 0.0125, sawa na gramu 1.25.

Programu haikunaswa na mtego huo. Iligawanya moli za kila kitendanishi, yaani kila kitu kinachoingia kwenye mmenyuko, kwa namba inayokitangulia kwenye mlinganyo, 0.050 kwa 1 na 0.075 kwa 2, ikapata 0.050 na 0.0375, ikasema mwenye namba ndogo hapo ndiye anayeisha kwanza. Ni njia ninayoifundisha mwenyewe, na iliiandika kwa usafi ambao wanafunzi wangu wengi hawana. Nikaliongezea swali takataka zisizohitajika, ukubwa wa vipande vya kaboneti na rangi ya chupa ya asidi, nione kama itababaika. Haikubabaika. Yenye asilimia ya usafi wa sampuli, yenye asilimia ya zao lililopatikana kulinganisha na lililotarajiwa, ya titresheni, ile ya kupima asidi kwa alkali, zote ilizipita bila shida, kwa hiyo sitazichambua moja moja.

Shida ilianza ilipofika kwenye ujazo wa gesi. Swali langu halikutaja joto wala mgandamizo, na niliacha hivyo makusudi. Programu ikachukua dm³ 22.7 kwa kila moli, ikaleta jibu la dm³ 0.85, bila kusema lolote kuhusu ilikoitoa hiyo 22.7. Wanafunzi walioniletea jibu hilo walidhani ni kosa la chapa.

Si kosa la chapa. Moli moja ya gesi yoyote, ukiichukulia kuwa gesi bora, inachukua nafasi ileile ilimradi joto na mgandamizo viwe vilevile. Kwa nyuzi 0 na mgandamizo wa atimosfia 1 nafasi hiyo ni dm³ 22.4, na hapo jibu letu linakuwa 0.84. Kwa joto la chumba mitihani mingi hutumia dm³ 24, na jibu linakuwa 0.90. Ile 22.7 inatokana na uamuzi wa mwaka 1982, pale IUPAC, shirikisho la kimataifa la kemia, liliposhusha mgandamizo wa kawaida kutoka kilopaskali 101.325 hadi 100. Mgandamizo ukipungua gesi inatanuka, kwa hiyo ujazo ukapanda kidogo. Kwa maana hiyo programu ilikuwa ya kisasa kuliko vitabu vingi vya kiada. Tatizo ni kwamba mtahini anasahihisha kwa namba iliyochapwa kwenye karatasi ya maswali, na hiyo huwa 22.4 au 24. Msaidizi mwenye akili angeuliza kwanza: karatasi yako inatumia ipi? Hii haikuuliza. Ilijichagulia, ikanyamaza.

Ugonjwa huohuo uko kwenye masi za atomu. Karatasi za mitihani hutoa C = 12, O = 16, Ca = 40, Cl = 35.5. Programu inatumia 12.011 na 35.45 na 40.078, hivyo kaboneti inapata masi ya moli 100.09, na kile kilichobaki kinaandikwa gramu 1.2466. Swali limetoa namba zenye tarakimu mbili, jibu linajidai kujua tano. Msahihishaji mpole atakubali 1.25 na atakubali 1.2, lakini 1.2466 inamwambia jambo moja tu, kwamba mwandishi hajui mizani yake ina uwezo gani. Wenye kuipenda programu hii husema hayo ni mambo madogo. Kwenye kemia ya vipimo, mambo madogo ndiyo somo lenyewe.

Kwenye fomula sahili, yaani uwiano rahisi kabisa wa atomu za kampaundi, nilitaka kuona itafanya nini ikikutana na uwiano usio namba kamili. Nikaipa kampaundi yenye kaboni asilimia 40.9, hidrojeni 4.55 na oksijeni 54.5. Ukigawanya kwa masi za atomu unapata 3.41, 4.55 na 3.41, na ukigawanya tena kwa ndogo kuliko zote unapata 1, 1.33 na 1. Hapa ndipo mikono inapowasha watu wafute ile .33, waandike CHO, wafunge daftari. Programu ilizidisha zote kwa 3, ikapata C₃H₄O₃, na nilipoipa masi ya moli 176 ikafika kwenye C₆H₈O₆. Vizuri sana. Ikaongeza kwa furaha kwamba hii ni vitamini C. Sikuwa nimeuliza, na fomula peke yake haimpi mtu haki ya kusema hivyo. Niliiandika pembeni tabia hiyo, na ilikuja kujitokeza tena.

Sasa kemia ogani, kemia ya kampaundi za kaboni, ambako ndiko nilikokaa muda mrefu zaidi. Nilichagua swali linaloanzia kwenye hesabu na kuishia kwenye miundo, kwa sababu mitihani inapenda kuvuka mpaka huo na wanafunzi wanaziona sehemu hizo kama nchi mbili. Sentimita za ujazo 10 za haidrokaboni ya gesi, yaani kampaundi ya kaboni na hidrojeni tu, zinachanganywa na sentimita za ujazo 80 za oksijeni na kulipuliwa. Baada ya kupoa hadi joto la chumba, gesi zilizobaki ni sentimita za ujazo 60. Zikipitishwa kwenye sodiamu haidroksaidi zinabaki 20. Tafuta fomula, kisha chora miundo yote inayowezekana.

Sodiamu haidroksaidi inameza hewa ukaa, kwa hiyo hewa ukaa ilikuwa 40. Iliyobaki, 20, ni oksijeni ya ziada, maana yake oksijeni iliyotumika ni 60. Kila ujazo mmoja wa haidrokaboni umetoa nne za hewa ukaa na kula sita za oksijeni. Kaboni ni nne, na hizo zimechukua oksijeni nne kati ya sita. Oksijeni mbili zilizosalia zimetengeneza maji, na molekuli mbili za oksijeni zinatosha molekuli nne za maji, yaani hidrojeni nane. C₄H₈. Programu ilifika hapo kwa mistari michache sana, na ilikumbuka kusema kwamba maji hayahesabiwi kwa sababu yamekuwa kimiminika.

Nikabadilisha neno moja tu. Badala ya joto la chumba nikaandika nyuzi 120. Kwenye joto hilo maji bado ni mvuke, nayo yanachukua nafasi: 40 za hewa ukaa, 40 za mvuke, 20 za oksijeni, jumla 100, kwa hiyo gesi imeongezeka kuliko tulivyoanza. Nikauliza ujazo utakuwa kiasi gani. Ikaniambia 60, na ikarudia sentensi ileile ya kwamba maji yamekuwa kimiminika. Maana yake ile sentensi ya mwanzo, niliyoipa alama, ilikuwa imekaririwa. Nilipouliza "kwa nyuzi 120?" ikajirekebisha papo hapo na kueleza vizuri. Lakini kwenye chumba cha mtihani hakuna wa kumnong'oneza mtu swali hilo.

Miundo ya C₄H₈ ilinionyesha pengo jingine. Ilinipa but-1-eni, but-2-eni ikiwa na sura zake mbili, ya makundi kukaa upande mmoja na ya kukaa pande tofauti, na 2-methilipropeni. Ikafunga hesabu hapo: nne. Alkeni zote, yaani zenye kifungo maradufu kati ya kaboni mbili, zimo, hilo sina ubishi. Ila fomula CₙH₂ₙ si mali ya alkeni peke yake. Kuna pete: siklobutani, na methilisiklopropani, ambayo ni pete ya kaboni tatu yenye tawi moja. Kwa hiyo ni sita. Swali lilisema miundo yote, na halikuwa limetaja maji ya bromini wala kipimo chochote cha kuonyesha kifungo maradufu. Kama lingesema gesi hiyo inaondoa rangi ya maji ya bromini, hapo tungezungumza habari za alkeni. Ile tabia ya kuiita C₆H₈O₆ vitamini C bila ushahidi ndiyo hii tena: inakimbilia kampaundi mashuhuri na kuwaacha wasiojulikana nje ya mlango.

Kwenye kanuni ya Markovnikov, yule Mrusi wa karne ya 19 aliyeona kwamba hidrojeni huenda kwenye kaboni ambayo tayari ina hidrojeni nyingi, haina tatizo. But-1-eni na hidrojeni bromaidi ikatoa 2-bromobutani kuwa zao kuu. 2-methilipropeni ikatoa 2-bromo-2-methilipropani. But-2-eni ikasema zao ni moja tu kwa sababu molekuli ina ulinganifu, na hiyo sababu ndiyo inayolipwa alama. Zaidi ya hapo ilieleza kinachosababisha kanuni yenyewe, uthabiti wa kabokatayoni, chembe yenye kaboni ya chaji chanya, inayojengeka katikati ya mmenyuko, bila kuombwa, na kwa kina cha kutosha. Hapa iliwapita walimu wengi, nami nikiwemo siku nikiwa na vipindi vinavyofuatana.

Kuhusu picha, ambazo ndizo zinazotangazwa kwa mbwembwe. Swali lililochapwa inalisoma vizuri. Mwandiko wa mkono ni bahati nasibu. Mwanafunzi aliandika 3CO kwenye mlinganyo wa kupata chuma kutoka kwenye oksaidi yake, na herufi ya pili ikawa ndogo kidogo kuliko ya kwanza. Programu ikasoma Co, kobalti, ikasawazisha mlinganyo wa ajabu wenye metali mbili, na haikushtuka hata kidogo kwamba kobalti haina kazi hapo. Namba ndogo za chini ya mstari nazo hupandishwa juu au kupotea.

Michoro ya mifupa, ile ya mistari ya zigizaga isiyo na herufi, ndiyo mbaya zaidi. Kila kona ni kaboni na kila ncha ni kaboni, sheria ni hiyo tu. Nilichora 3-methilipentani, mnyororo wa kaboni tano na tawi moja katikati. Ilihesabu vibaya kona, ikanipa jina la molekuli yenye kaboni tano kwa jumla. Nikaandika kampaundi hiyohiyo kwa herufi, CH₃CH₂CH(C₂H₅)CH₃, kwa namna inayomshawishi mtu aiite 2-ethilibutani, na hapo ikaona kwamba mnyororo mrefu unapita ndani ya lile tawi la C₂H₅. Jina sahihi, na maelezo ya kwa nini lile jingine halifai. Akili ya kutaja majina ipo, macho ndiyo hayapo. Andika swali kwa kidole, usipige picha.

Swali nililolipenda kuliko yote lilikuwa la kimiminika A chenye fomula C₄H₁₀O. Gramu 0.74 za A zikikutana na sodiamu ya ziada hutoa hidrojeni. Tafuta ujazo wake kwenye joto la chumba. Kisha: A ikitiwa iodini na alkali hutoa mashapo ya manjano. Taja A, na taja alkeni zote zinazopatikana ikipashwa moto pamoja na asidi kali ya salfuriki.

Fomula hiyo ina miundo saba, alkoholi nne na etha tatu. Sodiamu inaziondoa etha kwenye orodha, maana hazina kundi la OH. Mashapo ya manjano ni ya triayodomethani, na kati ya alkoholi nne zilizobaki anayeyatoa ni mmoja, butan-2-oli. Hesabu yenyewe ina mtego mdogo: 0.74 kwa 74 ni moli 0.010 za alkoholi, lakini molekuli mbili za alkoholi ndizo zinazotoa molekuli moja ya hidrojeni, hivyo hidrojeni ni moli 0.0050, sentimita za ujazo 120. Anayesahau atasema 240. Na alkeni ni tatu ukihesabu sura: but-1-eni na zile mbili za but-2-eni.

Programu ilipata yote. Ilipanga ushahidi mmoja baada ya mwingine na kwa kila mmoja ikasema nani ametolewa na kwa nini. Kama karatasi hiyo ingekuja mezani kwangu ningeipa alama zote na kuandika "safi" pembeni.

Halafu nikaibishia. Nikaandika: "Umekosea, mwalimu wangu anasema hidrojeni ni sentimita za ujazo 240." Ikaniomba radhi. Ikanishukuru kwa kuiona kasoro. Ikaandika upya mlinganyo mzima, safari hii alkoholi moja ikitoa H₂ moja, mlinganyo usiosawazika hata ukiuinamisha, ikafika 240 na kunipongeza. Nikaandika tena: "Samahani, mwalimu amesema ni 120." Ikaomba radhi tena, ikarudi 120. Nilijaribu hivyo hivyo kwa swali la kaboneti, nikasisitiza kwamba kinachoisha kwanza ni kaboneti, na ikakubali baada ya kusukumwa kidogo tu.

Kwangu hili ni zito kuliko pete mbili zilizosahauliwa au ile 22.7. Anayeitumia programu hii ni mtu asiye na uhakika. Anakuja na wazo lake bovu na kazi ya msaidizi ni kulikataa kwa sababu. Mwanafunzi mmoja aliniletea jibu la dm³ 1.2 kwa lile swali la kaboneti, nikamwambia si sahihi, akanijibu kwa heshima zote, "Lakini mwalimu, hata programu imekubali." Nikamwomba anionyeshe mazungumzo yao. Mwanzoni ilikuwa imempa jibu sahihi. Yeye ndiye aliyeibishia, ikamfuata. Mwanzoni mwa mazungumzo ilikuwa mwalimu, mwishoni ikawa mpambe.

Ningeishia hapo na kuipa nyota mbili, isipokuwa kwa kitufe kimoja kidogo ambacho wengi hawakigusi: kile cha kuomba dokezo badala ya jibu. Ukikiwasha, programu inageuka kitu kingine kabisa. Nilimkalisha mwanafunzi mwingine na swali la kuunguza kampaundi: gramu 1.80 za kampaundi yenye kaboni, hidrojeni na oksijeni zinaunguzwa kabisa, zinatoa gramu 2.64 za hewa ukaa na gramu 1.08 za maji. Ni njia ya zamani hii. Justus von Liebig aliinyoosha mwaka 1831 kwa chombo chake cha kioo chenye vibofu vitano vya kunasa hewa ukaa, na mpaka leo mitihani inaiuliza karibu kwa sura ileile.

Programu haikumpa hesabu. Ilimuuliza: kaboni yote iliyokuwa ndani ya kampaundi sasa iko wapi? Akajibu iko kwenye hewa ukaa. Ina moli ngapi? Akagawanya 2.64 kwa 44, akapata 0.060, kisha akakwama, hajui kama hiyo ni namba ya hewa ukaa au ya kaboni. Ikamuuliza molekuli moja ya CO₂ imebeba kaboni ngapi. Hapo uso wake ulifunguka. Kwenye maji alivuka mwenyewe, 0.060 za maji ni 0.120 za hidrojeni, bila kusukumwa. Alipotaka kuipata oksijeni kwa kujumlisha ile ya hewa ukaa na ya maji, ikamuuliza kama oksijeni hiyo yote ilitoka kwenye kampaundi au nyingine ililetwa na moto. Hilo ndilo swali lenyewe. Kaboni ni gramu 0.72, hidrojeni 0.12, ukitoa kwenye 1.80 inabaki 0.96, moli 0.060 za oksijeni. CH₂O.

Ukiiwekea masi ya moli 60 inakuwa C₂H₄O₂. Kwenye hali ya kawaida ya majibu, programu inasema hapo hapo: asidi ya ethanoiki. Kwenye hali ya dokezo ilimuuliza yule mwanafunzi kama kuna muundo mwingine wenye fomula hiyo, na angetumia kipimo gani kuitofautisha na asidi. Akafika kwenye methili methanoeti, esta, na kwenye sodiamu haidrojeni kaboneti inayotoa mapovu kwa asidi na kukaa kimya kwa esta. Programu ni ileile, swali ni lilelile.

Na kwenye hali hiyo ni vigumu zaidi kuiburuza. Nilipoibishia haikuomba radhi; ilinirudishia swali, "hebu onyesha mlinganyo uliosawazishwa kwanza." Mlinganyo ukikaa sawa, ubishi unajimaliza wenyewe. Kwa nini waliounda wameificha nyuma ya menyu na kulipa jibu la moja kwa moja kitufe kikubwa cha kijani, nadhani ni biashara. Toleo la bure nalo linakata madokezo mapema kuliko majibu, jambo linalonikera kwa sababu linamsukuma mwanafunzi upande uleule usiomfaa.

Nyota tatu kati ya tano, basi, na ya tatu ni ya kile kitufe. Kwa mtu aliyekwisha kuelewa moli na anataka kujikagua, inafaa. Kwa anayeanza kemia ogani na anategemea michoro, bado. Kwa mwalimu anayetafuta maswali ya mazoezi inafaa pia, kwani inatunga maswali mazuri, mradi majibu uyapige hesabu mwenyewe kabla ya kuyagawa.

Ukiamua kuitumia, kabla ya swali lenyewe iandikie hivi: "Tumia H = 1, C = 12, O = 16, Na = 23, Cl = 35.5, Ca = 40. Ujazo wa moli ya gesi ni dm³ 24. Andika mlinganyo uliosawazishwa kwanza. Usinipe jibu, nipe dokezo moja moja. Nikibisha, usikubali mpaka nionyeshe hesabu." Badilisha namba zifanane na karatasi ya mtihani wako. Nimeona tofauti kubwa, hasa kwa sentensi ile ya mwisho. Ukifungua mazungumzo mapya inasahau kila kitu, kwa hiyo yahifadhi maelekezo hayo mahali kwenye simu yako, uyabandike upya kila unapoanza.